Nani Anywaye Dizeli Yetu?

Hotuba ya Katibu wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha mwaka wa kumi



Wazee walionitangulia kusema wamewakumbusha jinsi Chama chetu kilivyoanza miaka kumi iliyopita, kikiwa na mizani moja, daftari moja na chumba cha kuazima. Wameyasema vizuri, wala mimi sitayarudia. Nimepewa kazi ya kusema habari za usafirishaji. Nilipoanza kuandika maneno haya niliona kwamba siwezi kuyasema kwa haki bila kwanza kuungama kosa langu mwenyewe. Basi nitaanza na kosa hilo, kisha nitaeleza somo nililopata, na mwisho nitawaombeni jambo moja.

Miaka miwili iliyopita, nilipokuwa nikifunga hesabu za mwezi wa Januari, niliona jambo lililonishtua. Mwezi wa Novemba lori letu lilipandisha mifuko 140 ya mbolea, yaani tani saba, kutoka ghala la barabara kuu hadi vijiji vya juu, likarudi tupu. Ni kilomita 40 kwenda na 40 kurudi, nalo lilitumia lita 30 za dizeli. Mwezi wa Januari lori lile lile, lenye mzigo ule ule, katika njia ile ile, lilitumia lita 47. Nilijiuliza lita 17 zimekwenda wapi, na jibu lililonijia upesi lilikuwa moja tu: dereva anauza dizeli njiani.

Mnajua methali isemayo mali bila daftari huisha bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo, lakini nililisoma vibaya. Niliandika barua ya kumtaka dereva ajieleze, na barua ya pili ya kumwachisha kazi nikaiweka tayari ndani ya faili. Mzee yule alikuja ofisini, akaisoma barua ya kwanza akiwa amesimama, akairudisha mezani. Akasema, “Bwana Katibu, mimi sina maneno mengi. Kesho napandisha mbolea. Panda lori twende.”

Nikapanda. Kabla ya kuondoka tulijaza tangi mpaka mdomoni, na juu ya mfuniko wake nikabandika karatasi yenye mhuri wa ofisi. Nikatia punje za buni katika mfuko wa kulia wa koti langu, na kila lori liliposimama kabisa nilihamisha punje moja hadi mfuko wa kushoto. Tuliondoka alfajiri, tukarudi usiku, nami nimelowa matope mpaka magotini, maana kusukuma nilisukuma pamoja na utingo. Karatasi ya mhuri ilikuwa haijaguswa. Katika mfuko wa kushoto mlikuwa na punje 52. Tulipojaza tangi tena, liliingia lita 46.

Lita 46, ndugu zangu! Zilipungua lita moja tu kwa zile nilizoziita wizi. Usiku ule ule niliichana barua ya pili. Mzee yule yumo ukumbini leo, naye ameniruhusu nilisimulie jambo hili. Mbele yenu nyote namwomba radhi kwa mara ya pili.

Lakini radhi peke yake haijibu swali. Ikiwa dereva si mwizi, ni nani aliyekunywa dizeli yetu? Nimejitahidi kusoma na kuwauliza mafundi, na sasa nitawaeleza kadiri nilivyofahamu.

Lita moja ya dizeli ina nguvu nyingi sana, lakini injini haiwezi kuitumia yote. Katika kila mafungu matatu ya nguvu hiyo, kadiri ya fungu moja ndilo linaloendesha magurudumu. Mafungu mengine mawili hupotea kwa joto, kwa njia ya rejeta na ya bomba la moshi. Fungu hilo moja lina kazi nne: kushinda ukinzani wa mipira juu ya ardhi, kushinda upepo, kupanda mlima, na kurudisha mwendo kila baada ya gari kusimama au kupunguza mwendo. Barabara na wingi wa magari ndivyo vinavyoamua kila moja ya kazi hizo itakula kiasi gani. Kwa hiyo kuhesabu dizeli kwa kilomita peke yake ni sawa na kumlipa kibarua kwa urefu wa shamba bila kuuliza kama amelima udongo laini au mwamba.

Tuanze na mlima. Lori letu likiwa na mzigo wake lina uzito wa kadiri ya tani 12. Kuupandisha uzito huo kimo cha mita 100 kunahitaji kama lita moja ya dizeli, hata kama barabara ni laini kama meza. Lita hiyo hatuwezi kuikwepa, kwani vijiji vyetu viko juu, na Mungu ndiye aliyeviweka huko. Ilikuwemo katika hesabu ya Novemba na katika hesabu ya Januari pia.

Tutazame sasa kule kusimama. Gari likiwa katika mwendo limebeba nguvu iliyokwisha kulipiwa. Dereva akikanyaga breki, nguvu ile yote hugeuka joto katika breki na kupotea, na akiondoka tena huinunua upya. Lori la tani 12 likisimama kutoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kisha likarudia mwendo ule, limekula kama sehemu moja ya saba ya lita. Yaani kusimama mara saba ni lita nzima, na lori halijasogea mbele zaidi kwa ajili ya lita hiyo. Katika safari yetu mwendo ulikuwa mdogo zaidi, nadra kuzidi kilomita 30, kwa hiyo punje zangu 52 hazikuzidi lita mbili. Nalisema hili waziwazi, maana nilidhani punje ndizo zingenipa jibu lote, na hazikunipa.

Jibu kubwa lilikuwa katika matope. Gurudumu likienda juu ya ardhi ngumu huviringika. Likiingia katika matope huzama, na tangu hapo huwa kama linapanda kilima kidogo kisichokwisha, maana kila hatua lazima litoke katika shimo lake lenyewe. Njia ya udongo iliyolowa na kulegea yaweza kulifanya lori livutwe kwa shida mara mbili, tatu au zaidi kuliko njia hiyo hiyo ilipokuwa kavu. Dereva naye hulazimika kutumia gia ndogo, injini ikizunguka kwa kasi na gari likienda polepole, na mara nyingine magurudumu huzunguka mahali pamoja bila kusogea. Kwa hesabu yangu, kadiri ya lita kumi kati ya zile 16 zilizozidi zililiwa na matope.

Zilizosalia zililiwa na kungoja. Katika bonde la pili tulikuta gari limekwama mbele yetu, tukangoja saa moja na dakika arobaini, injini ikinguruma muda wote. Injini ya lori la kadiri ya letu, hata ikisimama tu, hula kama lita mbili kwa saa. Nilimwuliza dereva kwa ukali, “Mbona huzimi?” Akanijibu kwa upole kwamba betri imechoka, naye akizima huenda tusiiwashe tena. Nikanyamaza, kwa kuwa ombi la betri mpya lilikuwa limelala juu ya meza yangu tangu mwezi wa Oktoba.

Mtu aweza kusema kwamba tukifika kwenye lami shida imekwisha. Sivyo kabisa. Mazao yetu yakifika barabara kuu ya TANZAM yana safari ndefu hadi Dar es Salaam, na huko kazi zile nne hubadilishana zamu. Penye lami nzuri na njia iliyo wazi, adui mkubwa ni upepo. Nguvu ya upepo huongezeka kuliko mwendo unavyoongezeka: mwendo ukitoka kilomita 80 kufika 100 kwa saa, upepo hulisukuma gari kwa nguvu iliyozidi ile ya kwanza kwa zaidi ya nusu. Sheria yetu huyapa magari yenye uzito unaozidi tani tatu na nusu mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya uhai wa watu, lakini inalinda na mfuko wa mkulima. Halafu kuna mlima Kitonga mkoani Iringa, ambapo magari mazito hupanda kwa kujikokota, na lori moja likiharibika katika kona, foleni hujipanga nyuma yake kama siafu.

Na huko mjini ndiko foleni zilikojenga nyumba. Gari linaloondoka na kusimama, likaondoka na kusimama, laweza kula mafuta mara mbili kwa kila kilomita kuliko gari hilo hilo likienda mwendo wa wastani bila kuzuiwa. Serikali imeliona jambo hili. Mabasi ya mwendo wa haraka yalianza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, yakiwa na njia zao wenyewe, na mradi huo ulipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu mwaka 2018. Daraja la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa mwaka 2018, na barabara za juu za Kijazi pale Ubungo mwaka 2021. Faida ya kazi hizo haimfikii mkazi wa mjini peke yake. Mkulima ambaye zao lake limo ndani ya lori linalosubiri kupita Ubungo analipa foleni ile, ijapokuwa yeye yuko shambani kwake anapalilia.

Nimesema juu ya fedha. Sasa niseme juu ya moshi, kwa maana moshi na gharama hutoka katika bomba moja. Kila lita ya dizeli inayoungua hutoa kadiri ya kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Msistaajabu kwamba lita yenye uzito usiofika kilo moja hutoa zaidi ya kilo mbili na nusu: ukaa uliomo ndani ya mafuta huungana na oksijeni ya hewani, na oksijeni ndiyo inayoongeza uzito. Basi lita zetu 16 zilizopotea zilitoa zaidi ya kilo 40 za hewa hiyo, ambayo huongeza joto la dunia na kuvuruga majira ya mvua tunayoyategemea. Zaidi ya hayo kuna masizi. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Injini inapolemewa katika gia ndogo, au inaponguruma saa nzima mlangoni pa ghala, wanaovuta moshi ule ni wapagazi wetu, akina mama wanaochambua kahawa, na watoto wanaotazama lori.

Ni haki kusema kwamba mafuta yenyewe yametengenezwa kuwa bora. Kufikia mwaka 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imekomeshwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, na mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye kiberiti kisichozidi sehemu 50 katika kila sehemu milioni. Lakini mafuta yawe safi namna gani, barabara mbovu itayataka mengi, na foleni itayataka mengi zaidi.

Tena dizeli siyo hasara kubwa kuliko zote. Miaka ya mwanzo ya 1970 wataalamu wa Uingereza, wa maabara ya utafiti wa barabara, walifanya uchunguzi nchini Kenya kuhusu gharama za magari katika barabara za lami na za udongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1975, na elimu iliyoanzia pale hutumiwa hata leo duniani kupima faida ya kutengeneza barabara. Jambo moja limethibitika: mashimo na makorongo huongeza dizeli, lakini huongeza zaidi gharama za mipira, springi na vipuri. Kila mmoja wenu aliyewahi kuona bili ya fundi atakubali.

Huenda mwanachama akasema: basi, ili tupunguze safari, tuongeze magunia juu ya lori. Huo ni mtego. Huko Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, malori yalipitishwa mchana na usiku juu ya barabara zilizojengwa kwa majaribio. Ilionekana kwamba uzito juu ya ekseli moja ukizidishwa mara mbili, madhara kwa barabara hayazidi mara mbili, bali kadiri ya mara 16. Tukizidisha mzigo leo, tunalima barabara kwa magurudumu yetu wenyewe, na kesho tutalipa kwa dizeli.

Bwana Mwenyekiti, nafika sasa kwenye ombi langu. Mchana wa leo wanachama watapiga kura juu ya mapendekezo mawili yaliyoletwa na Halmashauri. La kwanza ni kukopa fedha za kununua lori la pili. La pili ni kutenga sehemu ya akiba ya usafirishaji kwa ajili ya mifereji na makalvati katika mabonde matatu mabaya. Fedha za yote mawili kwa mwaka mmoja hatuna.

Nawaelewa ndugu zetu wa vijiji vya juu wanaotaka lori la pili. Mwaka juzi walingoja mbolea mpaka mahindi yakawa ya manjano. Uchungu wao ni wa kweli. Lakini naomba tufikiri: lori la pili katika matope yale yale litakwama nyuma ya lori la kwanza. Tutakuwa na injini mbili zinazonguruma bondeni badala ya moja, madereva wawili wa kushukiwa badala ya mmoja, na deni juu yake.

Adui wa barabara ya udongo ni maji. Barabara ikiwa na mgongo katikati, maji huteremka kando. Mfereji ukiwa wazi, huyachukua. Na penye mtelemko mfereji ukichepushwa mara kwa mara kwenda kwenye majani, maji hayapati nguvu ya kuchimba. Mgongo ukilala na mfereji ukiziba, maji huifanya barabara yenyewe kuwa mto. Na hapa, ndugu zangu, sitamlaumu mtu wa mbali. Nilipopanda na lori niliona kwa macho yangu mahali ambapo sisi wanachama tumelima mpaka ukingoni, tukatupa magugu na mabua katika mfereji. Wengine tumetengeneza njia za kuingilia nyumbani kwa kujaza udongo bila kuweka bomba chini yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na sisi, kwa mikono yetu, ufa tumeupanua.

Najua kwamba matengenezo makubwa si kazi ya Chama. Tunalipa tozo ya barabara katika kila lita tunayonunua, na mwaka 2021 shilingi 100 ziliongezwa kwa kila lita ya petroli na dizeli ili barabara za vijijini na mijini zitengenezwe. Ni haki yetu kudai sehemu yetu kwa barua na kwa heshima, na barua hiyo nimekwisha kuiandika. Lakini tukumbuke kwamba mvua haisomi barua. Novemba itakuja, na mifereji ama itakuwa wazi, ama haitakuwa.

Kwa hiyo nawashauri tulikubali pendekezo la pili mwaka huu, na lori la pili tulizungumze tena baada ya mavuno yajayo. Pamoja na hilo yako mambo madogo ambayo hayahitaji kura. Kila chama cha msingi kisafishe mifereji ya eneo lake kabla ya mwisho wa Oktoba. Mbolea ya vijiji vya juu ipandishwe Septemba na Oktoba, njia ingali kavu. Upepo wa mipira upimwe kila Jumatatu kwa kipimo chetu wenyewe, kwani mpira uliolegea huvutwa kwa shida hata juu ya lami. Injini izimwe kila lori likingoja zaidi ya dakika chache. Betri mpya imekwisha kununuliwa. Na daftari la safari limeongezwa safu mbili: hali ya njia, na muda wa kungoja. Tangu sasa hakuna Katibu atakayesoma lita bila kusoma safu hizo.

Miaka kumi iliyopita tulianzisha Chama hiki kwa sababu tulichoka kupunjwa katika mizani ya watu wengine. Tukanunua mizani yetu. Leo nasema kwamba barabara nayo ni mizani, na kila shimo ni jiwe la uongo lililowekwa upande usio wetu. Punje za buni za safari ile bado ninazo, zimo katika bahasha ndani ya meza yangu. Nikishawishika tena kumshuku mtu kabla ya kuipima kazi yake, huifungua bahasha nikazihesabu.